Kumzoesha Hamsta Mgeni: Beseni, Mbegu za Alizeti na Subira

Jirani yangu wa mlango wa pili alichungulia kizimbani, akaniangalia usoni, akauliza, "Mama, panya wa mtaa huu wa Umoja wamekwisha mpaka ukanunue wengine?"

Sikuwa na jibu. Hamsta kweli ni mgugunaji kama panya, na ukimwona gizani kwa mbali hulaumiwi ukikimbilia fagio. Ila mkia wake ni kijipande tu, mashavuni ana mifuko ya kubebea chakula inayofika hadi mabegani, na hamsta mkubwa wa Syria hataki kukaa na mwenzake hata siku moja. Hilo la mwisho lishike, maana karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana nalo. Mbwa ni mnyama wa kuishi na wengine. Hamsta hana kundi. Kwake yeye kitu chochote kikubwa kinachomjia kutoka juu ni mwewe, na mkono wako hutoka juu.

Wetu anaitwa Kaimati, kwa umbo na kwa rangi. Tulimleta kwa matatu ndani ya sanduku la viatu, muziki ukitikisa viti, na kesho yake saa saba mchana binti yangu akamwamsha ili awaonyeshe rafiki zake. Akaumwa kidole. Damu, kilio, hamsta akarushwa sakafuni. Hakuumia, lakini kosa lote lilikuwa langu: nilimpa mtoto mnyama bila kumpa maelezo. Tukaanza upya kwa njia hii.

Mjue mgeni wako

Wengi wanaofugwa majumbani ni hamsta wa Syria, yule wa rangi ya dhahabu. Hawa karibu wote wametokana na familia moja. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alichimbisha shimo katika shamba la ngano karibu na Aleppo, akampata mama na watoto wake, na waliosalia wakapelekwa Jerusalem kuzalishwa. Mama yule, alipojiona amefichuliwa, alimwuma mmoja wa watoto wake akamuua. Mimi huikumbuka habari hiyo kila mtu anaponiambia hamsta wake "ana roho mbaya". Hofu ikizidi, hamsta hamtambui hata mwanawe, sembuse wewe uliyemnunua juzi.

Muuzaji akikushawishi uchukue wawili wasione upweke, chukua mmoja. Hamsta wa Syria wakifika wiki nane hadi kumi huanza kupigana, na wanaweza kuuana. Zipo pia aina za vidogo. Roborovski ndiye mdogo kuliko wote, ana mbio ajabu, na wengi wao hawapendi kushikwa maisha yao yote. Ukiwa na huyo, mzoee kwa macho.

Hamsta huishi miaka miwili hadi mitatu. Kwa hiyo wiki tatu za kumzoesha si muda mfupi kwake, na kumharakisha ni kumdhulumu.

Kabla hajafika: nyumba yake

Hamsta asiye na mahali pa kujificha hazoeleki. Watu wengi huanza kuhangaika na mkono wakati kilichoharibika ni kizimba.

Vile vizimba vidogo vya rangi rangi vyenye ngazi na mabomba ni vya kupendeza macho ya mnunuzi. Hamsta anahitaji sakafu: urefu wa mita moja kwa upana wa nusu mita ni kipimo kizuri. Sisi tulikwenda Kamukunji, hapa Nairobi, kwa mafundi wa jua kali, wale wanaotengeneza masanduku ya shule, tukachorewa kizimba kwenye kipande cha katoni na kukipata baada ya siku mbili. Mwambie fundi nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita moja, na uhakikishe ncha zote zimekunjwa. Tangi la zamani la samaki lenye kifuniko cha wavu linafaa pia.

Ndani yake jaza matandiko hadi kina cha sentimita 20 hivi, maana hamsta ni mchimbaji. Hapa Nairobi kila mtu atakuelekeza kwa maseremala ukabebe maranda bure. Maranda hayo mara nyingi ni ya saipresi au msonobari, na zile harufu kali za mbao hizo humkera mapafu. Afadhali tishu nyeupe zisizo na manukato, zilizochanwachanwa. Utachana mpaka vidole viume, lakini ni kazi nzuri ya kuwapa watoto wanaotaka "kumsaidia" mgeni. Pamba usitumie kabisa. Nyuzi zake humzonga miguu, na akizimeza humziba matumbo.

Ongeza kijumba chenye mlango (kikatoni cha chai kinatosha), maji, bakuli la mchanga mkavu wa kuogea, na gurudumu la kukimbilia lenye sakafu isiyo na matundu. Kwa hamsta wa Syria kipenyo kisipungue sentimita 20, na 28 ni bora. Likiwa dogo, mgongo wake hupinda anapokimbia.

Kizimba kiweke juu ya meza imara, mbali na jikoni, mbali na runinga na mbali na jua la dirishani. Hamsta husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii, na vyombo vya stima huzitoa bila sisi kujua. Dawa za mbu, ziwe za kupuliza au za kuchoma, zisitumike chumba hicho.

Siku tatu za kwanza: usimguse

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata ya tatu usimpe. Mwekee chakula na maji, funika nusu ya kizimba kwa lesso, kisha nenda zako. Usimtoe kijumbani mwake kumwangalia, usibadilishe matandiko, usimpige picha kwa tochi. Anaweka ramani ya nyumba yake kwa pua, na kila kitu unachohamisha kinamrudisha mwanzo.

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, hasa penye watoto. Mimi nilibandika karatasi kizimbani iliyoandikwa MGENI AMELALA, na hata mume wangu ikabidi nimsomee kwa sauti.

Siku ya nne hadi ya saba: sauti, kisha harufu

Hamsta huamka jioni. Hapa ndipo nilipogundua kwamba ni mnyama wa Nairobi hasa. Ukitoka kazini, ukapambana na foleni ya Jogoo Road, ukafika nyumbani saa mbili usiku, mbwa atakuwa amekungoja mchana kutwa kwa huzuni. Hamsta ndiyo kwanza anajinyoosha.

Keti karibu na kizimba, taa hafifu, uongee kwa sauti ya chini. La kusema si muhimu. Binti yangu alikuwa anamsomea kazi yake ya shule ya Kiswahili, ngeli za nomino na zote. Kila jioni dakika kumi, saa ile ile, mpaka asikie sauti yako na aendelee kula bila kuganda. Kuganda ni alama ya kwanza ya hofu: anasimama kama sanamu, masikio yamelala nyuma. Akiganda, nyamaza nawe, usiondoke ghafla, subiri alegee.

Usiku mmoja stima ilipotea mtaa mzima, runinga za majirani zikazimika zote, na Kaimati akatoka mapema kuliko siku zote. Tangu siku hiyo tunazima vitu saa hiyo kwa hiari yetu.

Baada ya siku mbili tatu, weka harufu yako. Chukua kipande cha tishu, kiweke ndani ya shati lako au mfukoni mchana kutwa, kisha kitupie kizimbani. Hamsta haoni vizuri. Anakujua kwa pua. Akikichukua na kukiingiza katika kitanda chake, amelala na wewe usiku kucha bila wewe kumgusa.

Wiki ya pili: mkono wenye mbegu

Nawa mikono kwanza, kwa sabuni isiyonukia sana. Mkono wenye harufu ya omena au chapati ni chakula, na chakula huumwa. Hilo halihusiani na uchokozi hata kidogo.

Chambo bora ni mbegu ya alizeti isiyo na chumvi. Wafanyabiashara wa Nyamakima, katikati ya jiji, wanauza nafaka na mbegu za kila aina kwa kipimo kidogo: alizeti, mtama, wimbi, mawele, mbegu za boga. Alizeti ina mafuta mengi, kwa hiyo iwe ya mazoezi tu, mbegu chache kwa siku, isiwe mlo. Mlo ni mchanganyiko wa nafaka, na juu yake kijipande cha karoti, tango au sukuma wiki, na mara moja moja yai la kuchemsha ukubwa wa ukucha. Usimpe kitunguu cha aina yoyote, machungwa, avokado, maharagwe mabichi wala chokoleti.

Siku ya kwanza mpe mbegu kwa kijiko. Akizoea kijiko, shika mbegu kwa ncha za vidole. Kisha ilaze kwenye kiganja kilichowekwa chini kizimbani, juu ya matandiko, kimetulia kama jiwe. Mkono uingie kutoka ubavuni, mahali anapouona ukija, na ukae chini. Ukishuka kutoka juu ni ule ule wa mwewe. Kama kizimba chako kinafunguka juu peke yake, ongea kwanza, ushushe mkono pembeni mbali naye, halafu mwachie yeye aje.

Atakuja, atanusa, atarudi mbio. Atakuja tena. Siku moja ataweka miguu miwili ya mbele kwenye kidole chako, ajaze mashavu na kutokomea. Usimfuate. Usimshike. Jaribu la kumkamata siku hiyo kwa sababu "sasa ameshazoea" ndilo linalowarudisha watu nyuma wiki nzima. Kaimati alichukua siku tano kupanda kiganjani kwa miguu yote minne. Hamsta wa rafiki yangu South B alichukua mwezi. Hakuna aliyekosea.

Beseni

Wenye nyumba za bafu la kulala humweka hamsta ndani ya bafu kavu na kuketi naye. Sisi tuna beseni, lile kubwa la kufulia, na naona ni bora zaidi. Liwe na kina kirefu na kuta laini asizoweza kupanda. Lioshe vizuri lisinuke sabuni ya unga, likaushe, tandika lesso kuukuu, weka bomba la katoni la tishu na kijumba chake mwenyewe. Kisha keti sakafuni na uweke mkono mmoja ndani kama kilima.

Kumfikisha huko, usimkamate. Weka kikombe kikubwa kwa ubavu kizimbani, chenye mbegu moja ndani. Ataingia mwenyewe. Ziba mdomo wa kikombe kwa kiganja, mpeleke taratibu. Dakika kumi zinatosha mwanzoni, robo saa baadaye. Atakuzunguka, atakupanda, atakunusa kwenye mkunjo wa kiwiko. Akianza kujisafisha uso mbele yako bila haraka, au akapiga miayo na kujinyoosha, umepata unachotafuta: mnyama mwenye hofu haogi kwa utulivu mbele ya mwewe.

Kumwinua

Kutanisha viganja viwili kama unachota maji mtoni, mwache apande, ndipo uinue, tena sentimita chache tu na ukiwa umekaa sakafuni. Mtu akisimama na hamsta mkononi ananitoa jasho. Hamsta hajui kupima kimo. Atatembea mpaka ukingo wa meza na kuendelea, na kuanguka kutoka hapo huvunja mfupa. Mtoto aliye chini ya miaka minane hivi akae kitako na mtu mzima kando yake, siku zote.

Akitaka kushuka, mshushe. Hili naona ndilo linalojenga zaidi kuliko mbegu zote: akijua kwamba mkono humwachia anapotaka, atarudi.

Akikuuma

Mara nyingi ametangulia kukuonya. Amekuonyesha meno, amelala chali akipiga kelele, au ameganda muda mrefu. Ukiumwa usirushe mkono wala usimpulizie usoni. Mteremshe polepole mpaka atue. Ukimrudisha kizimbani papo hapo kila anapouma, atajifunza kwamba kuuma ndiyo njia ya kurudi nyumbani, kwa hiyo mwache beseni dakika moja mbili kwanza, bila kumgusa.

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha dawa ya kuua viini. Likiwa la kina, au ukikumbuka kwamba sindano yako ya pepopunda ni ya zamani, nenda kituo cha afya. Na mikono inawiwe kila baada ya kumshika, umeumwa au hukuumwa. Mama mjamzito asimshike hamsta wala kusafisha kizimba chake, kwa sababu wagugunaji wanaweza kubeba kirusi kinachomdhuru mtoto tumboni.

Kama alikuwa mpole na ghafla amekuwa mkali, usitafute dosari katika mazoezi. Huenda anaumwa. Angalia hasa mkia na sehemu za nyuma: zikiwa zimelowa na zinanuka, ana kuhara kunakowapata sana hamsta wachanga waliohamishwa karibuni, na kunaweza kumuua ndani ya siku mbili. Usingoje kesho. Madaktari wengi wa mifugo wamezoea mbwa na ng'ombe, kwa hiyo tafuta mapema, piga simu uulize kama wanatibu wagugunaji, uandike namba ukutani. Kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

Baridi ya Julai

Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai nyumba ya mawe ya ghorofani hupoa kweli kweli. Hamsta akipatwa na baridi kali huingia usingizi mzito: mwili baridi, pumzi huzioni, unadhani amekufa. Wako waliozikwa wakiwa hai. Ukimkuta hivyo, mshike viganjani karibu na kifua chako, au mweke kando ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, mpaka sharubu zianze kutikisika. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, kisha mpeleke kwa daktari.

Kinga yake ni rahisi: ongeza matandiko, sogeza kizimba mbali na dirisha, tupia blanketi juu usiku ukiacha upande mmoja wazi. Jiko la makaa lisiingie chumba hicho. Moshi wake usioonekana huua watu wazima kila mwaka, sembuse kiumbe cha gramu mia moja na kitu.

Akitoroka

Atatoroka. Funga milango, ziba uwazi wa chini kwa matambara, zima taa. Nyunyiza unga kidogo sakafuni kando ya kuta. Asubuhi utaona nyayo zake zinaelekea wapi. Weka ndoo yenye matandiko na mbegu ndani, na ngazi ya vitabu ya kupandia mpaka ukingoni. Na kimbia ukawaulize majirani kama wana sumu ya panya au mtego nyumbani, waiondoe, hata kama watakucheka.

Sisi hatukuhitaji unga. Kaimati alipitia chini ya mlango, na saa tatu usiku tukasikia ukelele wa mlango wa pili. Nilimkuta jirani yuko juu ya kiti, fagio mkononi, na Kaimati katikati ya sebule ameganda. Nikaketi sakafuni, nikalaza kiganja chini, nikaanza kumwita kwa sauti ile ile ya kila jioni. Sikuwa na hata mbegu moja. Alinusa hewa, akaja moja kwa moja akapanda, akaanza kujisafisha uso.

Jirani hakushuka kwenye kiti, ila fagio liliteremka kidogo kidogo.

"Na huyu," akauliza, "anakula nini?"